Sikio la Ayalandi

Siku ya kwanza alipofika saluni kwangu hakusalimia kama watu wanavyosalimia. Alisimama mlangoni na kizibao chake cha kung'aa, kofia mkononi, akaangalia dari kana kwamba anatafuta panya, halafu akauliza, "Mama, iko Wi-Fi hapa?"

"Iko," nikamwambia, "lakini ni ya wateja."

"Bon. Basi mimi nitakuwa mteja."

Nikamtazama kichwa. Kilikuwa kinang'aa kuliko hata kizibao, hakina unywele wa kuazima. "Mteja wa nini, papa? Tukusuke wapi?"

Esperansi, anayesuka pamoja nami, alicheka mpaka kitana kikamtoka mkononi. Mzee hakukasirika wala hakucheka. Alikwenda akaketi kwenye kiti cha karibu na sinki, kile kilichovunjika mguu tukakifunga kwa waya, akasema tutamsuka ndevu zikishaota. Kiti hicho kikawa chake kwa miaka yote iliyofuata, na ndevu sikuziona.

Jina alikuwa nalo, lakini mtaani kwetu Albert Park, hapa Durban, hakuna aliyelitumia. Aliitwa Mzee wa Redio. Alitokea Uvira, Kongo, na historia yake yote aliyonipa iliishia hapo. Ukimchimba zaidi alikugeuzia swali, akakuuliza umekula nini leo, na kabla hujajua umeshamweleza habari za nyumba yako yote na yeye hajasema lolote.

Kazi yake ilikuwa kulinda magari. Mtaa wetu kuanzia kwenye robot, taa za barabarani, hadi kona ya duka la simu ulikuwa wake: anakuonyesha nafasi, anakuongoza kwa mkono ukirudi nyuma, ukiondoka unamwachia ulichonacho. Kazi hiyo inataka macho kuliko masikio, kwa hiyo sikio moja alikuwa nalo la ziada. La kushoto alilipa waya wa simu, la kulia akaliacha kwa Durban. Ukiwa na neno la maana ulizunguka upande wa kulia, la sivyo ulikuwa unaongea peke yako barabarani kama mlevi.

Na nini kilikuwa kwenye hilo la kushoto? Ayalandi. Jamani, Ayalandi! Wenzake wanasikiliza mahubiri, rumba, mpira wa Uingereza. Yeye alisikiliza redio ya jimbo moja la Ayalandi, redio ya maneno matupu, watu wanapiga simu kutwa kulalamika na mtangazaji anawajibu. Mchana, magari yakipungua, aliingia saluni kutumia Wi-Fi yetu, na waya ukimchosha sikio aliuchomoa, sauti za Ayalandi zikatumwagikia sote.

Nisidanganye, mwanzoni alinichosha. Mimi ni mtu wa Bujumbura, nataka saluni yangu iwe na nyimbo za kanisa asubuhi na umbea mchana. Sasa huyu ananiletea Kiingereza kinachokwenda mbio kama maji ya mfereji. "Papa, wanasema nini hao?" nilimuuliza siku moja, nimekasirika. Akatafakari. "Iko mutu analalamika shimo la barabara," akasema. "Gari lake limevunjika. Ni mara ya pili anapiga simu, shimo bado liko."

"Ayalandi iko mashimo?" Esperansi akashangaa.

"Mashimo iko, mama. Na basi hazikuji. Na kodi ya nyumba imepanda. Iko mama moja anataka mbwa wakatazwe kwenda baharini."

Basi hapo akawa ametupata. Kabla ya mwezi kwisha tulikuwa tunamjua mtu wa mashimo, tunamjua mama wa mbwa, tunamjua mzee mmoja aliyepiga simu kila Ijumaa kusema zamani mambo yalikuwa mazuri. Siku waliyojadili jogoo wa mtu anayewika alfajiri na kuwaamsha majirani, saluni iligawanyika. Mteja mmoja wa Kigoma, nusu ya kichwa kimesukwa na nusu kimesimama, alimtetea jogoo mpaka akataka simu azungumze nao mwenyewe. "Jogoo asiwike, awe nani? Aandike barua?" Mzee alitafsiri upande huu na upande ule kwa haki kabisa, kama karani wa mahakama, na mwisho wa kipindi jogoo alibaki bila hukumu.

Na mpira wao! Si mpira wa miguu. Ni mpira wa fimbo, fimbo bapa, na kimpira kidogo kinachoruka kuliko jiwe la manati. Nguzo zao ni kama za raga. Ukipitisha juu ya mti wa kati ni pointi moja, chini ni tatu. Alitufundisha kwa mpini wa ufagio na rola ya nywele, akavunja balbu. Jimbo lake, alikuwa analiita jimbo lake, liliposhindwa fainali alikaa kwenye kiti chake cha waya akifuta macho kwa kofia, na huku hajawahi kuiona timu hiyo hata kwenye picha. Nilitaka kumcheka lakini nilishindwa.

Sababu ya yote hayo ilikuwa mtoto. Alikuwa na binti mmoja tu duniani, tulimwita Kadogo kama yeye alivyomwita. Kadogo alikulia hapa hapa Durban, akaondoka akiwa mtu mzima, akaomba hifadhi Ayalandi, akapewa, akapata kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Sasa alikuwa anashughulikia karatasi za kumwita baba yake. Ndicho kitu pekee mzee alichokuwa anakingojea katika maisha yake: aitwe, apande ndege, akamwone mtoto wake. Wakati wote niliomjua alikuwa mtu wa kuondoka mwaka ujao.

Kadogo alipiga simu kila Jumapili baada ya ibada. "Niko salama papa. Baridi tu." Jumapili zote, niko salama papa, baridi tu. Siku moja nilimuuliza kwa nini asiridhike na simu ya mtoto, anatafuta nini kwa wazungu wa mashimo. Akanijibu, "Mama, huyu mutoto ananipenda, kwa hiyo haniambii kitu. Hawa hawanijui. Wananiambia yote."

Na kweli alijua yote. Alijua basi la kwenda kazini kwa Kadogo limefutwa kabla Kadogo hajamwambia. Alijua mafuta ya kupashia nyumba joto yamepanda. Alijua mvua, barafu, mgomo wa walimu. Jumapili mtoto akisema niko salama papa, yeye alikuwa anajibu, "Sawa, binti, vaa soksi mbili," na Kadogo alikuwa anacheka, anadhani ni maneno ya wazee.

Zilikuwepo siku walizotujadili sisi. Mtu anapiga simu anasema wageni wamejaa, nyumba hakuna, warudi kwao. Mwingine anamjibu, wanapandishiana. Siku hizo mimi nilikuwa nawaka. Hapa kwetu Durban kulikuwa na watu wanasimama mlangoni mwa kliniki wakiuliza vitambulisho ili wageni wasitibiwe, mteja wangu mjamzito amerudishwa, halafu tena nisikie maneno yale yale yamevuka bahari? "Zima hiyo takataka, papa!" Yeye aliongeza sauti. "Ngoja, mama. Huyu iko na woga tu. Kodi yake imepanda, unakumbuka, ni huyu wa juzi." Alimtetea mtu aliyekuwa anataka Kadogo afukuzwe! Lakini redio ya Durban, yenye mjadala huo huo, alikataa kabisa kuisikiliza. Ukiiwasha alitoka nje. Nilimbana siku moja aniambie kwa nini. Akasema, "Ya hapa nitamtambua mutu. Kesho anaegesha gari kwangu, nitamwonyesha nafasi namna gani?"

Kituko kingine cha redio ile kilikuwa vifo. Kila mchana, mjadala ukiisha, mtangazaji alibadilisha sauti na kusoma majina ya waliofariki jimboni: fulani, wa mahali fulani, ibada kanisa fulani, mazishi saa fulani. Bila kupepesa. Halafu tangazo la matrekta. Mara ya kwanza niliposikia nilifanya ishara ya msalaba na mimi si Mkatoliki. Mtu anaambiwa kifo hivyo, amesimama anaosha vyombo? Mzee alivua kofia kila yaliposomwa, akaivaa tena yakiisha, ndipo akafungua chakula chake.

Alikuwa na haki ya kuvua kofia, maana vifo ndiyo ilikuwa kazi yake ya pili, kazi isiyolipwa. Sisi Wakongomani na Warundi wa Albert Park tuko mbali na kwetu, na kwetu watu wanakufa. Sasa, kwa desturi yetu, mtu haambiwi msiba kwa simu. Hapana. Ndugu walioko nyumbani wanampigia mtu mwingine, mtu mzima, naye anawakusanya wenzake, wanakwenda kwa miguu yao mpaka mlangoni. Mtu huyo kwetu alikuwa Mzee wa Redio. Ukimwona anavua kizibao katikati ya kazi na kuvaa koti lake la kahawia, mtaa mzima unashika roho, kila mmoja anaomba asielekee kwake.

Alikuwa na utaratibu wake. Kwanza simu: mmoja alitumwa mapema kuazima simu ya mfiwa, eti yake imeisha chaji, ili mtu asiyaone mambo kwenye WhatsApp kabla ya wakati. Halafu wazee wanafika, wanasalimia salamu zote, wanaomba maji. Halafu yeye anauliza mambo matatu, kwa sauti ya kawaida kabisa. Umekula? Umekaa? Uko na nani hapa? Kama hujala anangoja ule. Kama umesimama anangoja ukae. Kama uko peke yako anamtuma mtu akamwite jirani. Ndipo anakuambia. Mimi mwenyewe aliniambia kifo cha mama yangu hivyo, nikiwa nimeshiba ugali na dagaa, Esperansi ameketi ubavuni, na mpaka leo namshukuru kwa ule ugali.

Lakini mtu huyo huyo, aliyeweza kumwambia mama kwamba mwanawe hayupo, hakuweza kumwambia mwenye gari kwamba kioo chake kimegongwa. Akiona gari limekwaruzwa alikuja mbio saluni kujificha nyuma ya mashine ya kukaushia nywele. "Mama, nenda umwambie wewe." Mimi! Nilitoka na mikono yangu ya mafuta kwenda kutukanwa kwa niaba yake, nikirudi namkuta anakunywa chai yangu.

Mwaka ule wa mwisho Kadogo alianza kukohoa kwenye simu ya Jumapili. Baridi tu, papa. Jumapili nyingine sauti ilikuwa imepungua. Halafu akapiga siku isiyo Jumapili, akasema yuko hospitali, wanamwangalia vizuri sana, kitanda kizuri, asiwe na wasiwasi.

Kesho yake redio ililipuka. Simu baada ya simu, wote wanazungumzia hospitali ya jimbo lile: imejaa, watu wanalazwa kwenye korido juu ya vitanda vya magurudumu, wengine wamekaa vitini usiku na mchana. Mtu mmoja akasema mama yake amelazwa karibu na mlango wa nje, kila ukifunguliwa upepo wa barafu unamwingia kifuani. Mzee akachomoa waya kutoka kwenye simu, sauti ikajaa saluni. "Ni hospitali ile ile," akasema.

Akampigia Kadogo kwa video. Nilikuwa nyuma yake na kitana mkononi, nikaona kila kitu. Mtoto alikuwa ameiweka simu karibu na uso mpaka uso ukajaza kioo chote, tusione nyuma. Lakini mwanga ulikuwa unambadilikia usoni, unakuja, unakwenda, unakuja, na kila ukija nywele zake za kwenye paji zilitikisika. Mlango ule.

"Baridi, binti?"

"Hapana papa. Joto tu. Wamenipa chumba kizuri."

"Sawa. Ni vizuri."

Alipokata simu nilimrukia. "Kwa nini hukumwambia umejua? Mwambie adai kitanda, mwambie apige kelele!"

"Nikimwambia nimejua, ataanza kunibeba na mimi," akasema. "Sasa hivi anajibeba peke yake tu. Inatosha."

Sijui kama umewahi kumtazama mtu ambaye mwanawe anapigwa na upepo wa mlango, na mlango uko ng'ambo ya dunia. Anasimama. Anakaa. Anatoka kuonyesha gari nafasi, anarudi. Hana wa kumgombeza, hana pa kwenda. Karatasi yake ya ukimbizi haikumruhusu kupanda hata ndege ya kwenda nchi ya jirani. Nilikasirika kwa niaba yake nikakosa wa kumkasirikia, nikawakasirikia wateja.

Esperansi ndiye aliyesema, "Papa, si na wewe upige redioni kama wenzako?"

Miaka yote alikuwa amekataa. Mimi ni msikilizaji, alikuwa anasema, kule sina hata shimo moja la kulalamikia. Siku hiyo alivua kizibao. Akavaa koti la kahawia. Tulizima mashine zote za nywele, tukafunga mlango, wateja wakakaa na mataulo kichwani kama kanisani. Mimi nikabonyeza namba.

Alipokea msichana, si mtangazaji mwenyewe, yule wa kupanga simu. Mzee alianza kwa salamu, kama mtu aliyelelewa. Hajambo yeye, hawajambo nyumbani, kazi inakwendaje. Msichana alikuwa na haraka. Anapiga kutoka wapi? "Durban, Afrika Kusini." Mzee akamwambia, kwa Kiingereza chake cha polepole, kwamba mtoto wake yuko kwenye korido ya hospitali yao, karibu na mlango, na yeye haombi chumba, anaomba tu mtu aliye karibu aufunge ule mlango.

Msichana aliguswa, hilo nilisikia. Akasema maskini, akaandika jina na namba, akasema leo simu ni nyingi mno, watampigia. Mzee akamshukuru, akamshukuru tena, akamwombea baraka.

Tukasikiliza. Simu iliyofuata hewani ilikuwa ya mama wa mbwa.

Alingoja na simu gotini mpaka kipindi kikaisha. Kesho yake akaja mapema, akangoja. "Watapiga," akasema. "Wamesema watapiga." Siku zikapita anangoja hivyo hivyo, sauti ya Kadogo ikawa pumzi tu, halafu ikawa ujumbe wa maandishi, halafu ukawa ujumbe wa rafiki yake anayesema Kadogo amelala, atajibu akiamka.

Jioni moja rafiki huyo alimpigia mchungaji wetu. Asubuhi mchungaji alikuja saluni na uso umemwanguka. Kadogo amefariki.

Sasa tufanye nini? Mtu wa kutuambia tufanye nini alikuwa pale nje, anaongoza bakkie, pikapu nyeupe, irudi nyuma. Sisi watu wazima tulikaa tukabishana kama watoto wasio na mama yao. Mume wangu, aliyeomba ruhusa kazini kwake Mobeni, alisema aambiwe sasa hivi. Mchungaji akasema hapana, tufuate utaratibu wake mwenyewe: tungoje mchana, ale kwanza. Esperansi ataazima simu atakapoingia. Mimi nikazima Wi-Fi, nikajiona mjanja, nikasema WhatsApp haitamfikia.

Mchana ukafika, kiti chake kitupu. Hakuingia. Tulichungulia dirishani tukamwona amekaa kwenye kreti pembeni ya magari. Alikuwa ameanza kujinunulia data tangu mtoto augue, asiikose simu yake hata dakika moja, na hilo sote tulilijua. Na vifo! Sisi tuliokuwa tunavisikia kila mchana, tunaofanya ishara ya msalaba, tunaomwona anavua kofia! Tulimkinga na WhatsApp, tukamkinga na Facebook, na katika watu wanne wazima hakuna hata mmoja aliyekumbuka redio.

Tulipotoka nje alikuwa ameshavua kizibao, amekikunja, amekiweka juu ya magoti. Alikuwa amevaa koti. Kofia ilikuwa mkononi. Kwenye kreti ya pili kulikuwa na sahani ya pap, ugali wa huku, na maharage, tupu, imefutwa kabisa, na simu yake kando, imezimwa. Mchungaji akasalimia, akaomba maji, nikayaleta. Akaanza kuuliza swali la kwanza.

"Nimekula," mzee akamjibu. "Nilijua mutakuja. Nimekaa. Niko na ninyi. Sema, mchungaji."

Na mchungaji akasema. Mzee alimsikiliza tangu mwanzo hadi mwisho, hakumkatiza, aliitikia pale panapoitikiwa. Maneno yalipokwisha, ndipo alipolia. Alilia kama mtu anayeambiwa sasa hivi, akaanguka kutoka kwenye kreti, mume wangu akamshika. Baadaye nilimuuliza, pole papa, ulikaaje na kitu kile peke yako, ukala? Akaniambia redio ilimtajia tu jina. Kuambiwa aliambiwa na sisi.

Mazishi tuliyaona kwa simu. Makanisa ya kule yana kamera, mtu wa mbali unaangalia. Nilifunga saluni, tukaiegemeza simu kwenye kioo kikubwa, tukakaa. Watu walikuwa wengi, wazungu wengi wenye makoti mazito, wazee wa pale alipofanya kazi wamesukumwa kwenye viti vya magurudumu, wanapita mmoja mmoja kugusa jeneza. Mzee aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. "Yule mwenye kofia," akasema, "anaweza kuwa ni yule wa mashimo." Hakuna aliyeweza kujua. Lakini alimpungia mkono, polepole, na kule mtu yule akapita, akatoka kwenye picha.

Baada ya hapo aliuweka waya wake kwenye droo yangu ya vibanio. Aliendelea kuja mchana, aliendelea kukaa, lakini aliomba nyimbo za kanisa. Nilizokuwa nazililia miaka yote sasa nilizipata, na ukimya wa kati ya wimbo na wimbo ulinishinda. Hata misiba ya watu aliacha kuipeleka. Koti lilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wangu, na watu wakaanza kuambiana vifo ovyo ovyo, kwenye simu, kwenye taxi, mmoja aliambiwa kifo cha kaka yake pale sokoni Warwick, katikati ya wauza mahindi. Sikuthubutu kumwambia mzee.

Hapa kwetu joto lilipofika, kule kwao ikawa baridi tena. Mchana mmoja simu yake ikalia. Aliitazama namba, akanikabidhi. Ilianza na tatu tano tatu, kama namba ya Kadogo. Nikapokea, nikabonyeza sauti kubwa ili asilazimike kuishika.

Ni yule msichana wa redio. Haraka ile ile. Akaomba radhi kwa kuchelewa, akasema amekuta jina la mzee kwenye orodha ya zamani, aliwahi kupiga kuhusu hospitali, na leo wanaijadili tena, korido zimejaa tena. Je, bado angependa kuingia hewani? Dakika chache tu. Halafu akauliza, kwa uchangamfu wa kweli, "Na binti yako, anaendeleaje sasa?"

Nilitaka kuinyakua simu. Nilikuwa nimeshajaza matusi mdomoni, ya Kirundi, ya Kiswahili, mpaka ya Kizulu. Esperansi akazima mashine. Mzee aliniinulia kiganja, ningoje. Akasimama, akaangalia mlangoni. Nikaelewa. Nikatoa koti kwenye msumari nikampa. Alilivaa, akafunga vifungo vyote, akaketi kwenye kiti chake cha waya mbele ya simu. Alianza na salamu, zote, na safari hii msichana alizijibu.

"Binti yangu," akasema, kwa Kiingereza chake cha polepole. "Leo umekula?"

Msichana akacheka kidogo. Samahani?

"Ninauliza kama umekula."

Amekula, akasema. Supu, sasa hivi tu. Kwa nini?

"Ni vizuri. Na umekaa?"

Nyuma ya msichana tulisikia ofisi, simu nyingine zinalia, mtu anacheka mbali. Tukasikia kiti kinavutwa.

"Nimekaa," akasema.

"Uko na nani hapo karibu?"

Sasa haraka yote ilikuwa imemtoka.

"Ngoja," akasema. "Ngoja nimwite mwenzangu."

Mzee wa Redio akavua kofia, akaiweka gotini, akangoja.